Siku 29 zilizokata undugu: mgomo wa wachimba makaa ya mawe Uingereza, 1984–85

Binti wa Ruvuma:

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Aliye na haraka auweke pembeni, ausome kesho akiwa ametulia.

Niko Uingereza, Yorkshire ya Kusini, mwaka wa saba sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Asubuhi nawaamsha, nawaogesha, nawapa dawa na chai, kisha naelekea nyumba nyingine. Kijiji ninachozungukia kilikuwa kijiji cha mgodi wa makaa ya mawe. Mgodi wenyewe haupo tena. Lililobaki ni gurudumu la mnara wake, wamelikata nusu wakalisimika kwenye bustani ya maua njia panda. Na wamebaki wazee ambao wakipanda ngazi tatu tu unalisikia vumbi likikwaruza kifuani.

Kuna mmoja ambaye ndiye wa kwanza kwangu kila siku, saa moja asubuhi. Kabla hata ya salamu swali lake ni hilo hilo: "Mapazia ya pale mbele yamefunguliwa?" Anaulizia nyumba ya ng'ambo ya barabara, yenye mlango wa kijani. Nachungulia, namjibu. Yakiwa yamefunguliwa anasema "haya", ndipo tunaanza kazi. Mwaka mzima nilidhani ni mazoea ya uzee. Siku moja nikamuuliza pale anakaa nani.

"Kaka yangu."

Nikamwambia mbona sijawahi kumwona akija hapa. Akanijibu, "Hatujasemezana tangu Februari 1985."

Ameniruhusu niandike, mradi nisitaje kijiji wala majina. Na kwa kuwa nilikuwa sijui kitu kuhusu mgomo wenyewe, nimetumia miezi mingi kusoma na kuwauliza wazee wengine. Nitaweka kwa vipande.

Binti wa Ruvuma:

Kipande cha pili. Nianze na chanzo.

Mwaka 1984 migodi ya makaa Uingereza ilikuwa mali ya serikali, chini ya Bodi ya Taifa ya Makaa. Ilikuwa kama 170, na wachimbaji walizidi 180,000. Waziri Mkuu alikuwa Margaret Thatcher. Mwenyekiti wa Bodi, Ian MacGregor, alitolewa kwenye shirika la chuma, ambako alishapunguza wafanyakazi kwa maelfu. Tarehe 1 Machi ikatangazwa kwamba mgodi wa Cortonwood, hapa hapa karibu na Barnsley, unafungwa. Wiki chache tu nyuma kuna watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka mgodi wa jirani kwa ahadi kwamba kazi ipo ya miaka 5. Tarehe 6 Machi Bodi ikataja mpango wa nchi nzima: migodi 20, ajira 20,000. Wakati huo Yorkshire imeshaanza kugoma. Tarehe 12 Machi Arthur Scargill, rais wa chama cha wachimbaji, NUM, akatangaza kuwa mgomo ni wa taifa zima.

Naomba mtazame jambo moja. Hawa watu hawakugomea nyongeza ya mshahara. Waligomea kufungiwa. Baba yake mzee alichimba, babu yake alichimba, na mtoto wake wa kwanza alikuwa na miaka 9. Hapa hapakuwa na kiwanda kingine. Klabu ilikuwa ya wachimbaji, uwanja wa mpira wa wachimbaji, bendi ya tarumbeta ya wachimbaji, hata makaa ya kupashia nyumba joto yalitoka mgodini kama sehemu ya ujira.

Scargill alisema mchana kweupe kwamba orodha halisi ni ndefu kuliko hiyo ya migodi 20. Serikali ikakana. Januari 2014 nyaraka za baraza la mawaziri zilipofunguliwa, ikaonekana kwamba Septemba 1983 MacGregor alikuwa ameshapanga kufunga migodi 75 ndani ya miaka 3. Nilimsomea mzee habari hiyo kwenye simu yangu. Alinyamaza kitambo kirefu, akaniomba nirudie ile namba.

Fundi Bomba:

Nimeweka kiti. Endelea dada.

Binti wa Ruvuma:

Kipande cha tatu. Ingieni ndani ya nyumba sasa, maana magazeti ya wakati ule yalikaa nje, getini, kwenye mawe na farasi wa polisi.

Mshahara ulikatika. Chama hakikuwa kinalipa posho ya mgomo. Aliyekwenda kusimama getini kuwazuia watu wasiingie kazini alipewa kijisenti cha nauli, basi. Serikali nayo ilikuwa imetunga sheria mwaka 1980 kwamba familia ya mgomaji ihesabiwe kana kwamba inapokea hela kutoka chama. Kwa hiyo posho ya serikali ya mke na watoto ilikatwa pauni 15 kila wiki, baadaye 16, kwa ajili ya hela ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kijana asiye na mke hakupata kitu kabisa, alirudi kula kwa mama yake.

Kilichookoa vijiji hivi ni wanawake. Mei 12 mwaka ule wanawake kwa maelfu waliandamana Barnsley, na Agosti 11 wakaingia London. Lakini kazi kubwa ilikuwa jikoni. Waliingia kwenye kumbi za klabu wakawasha majiko, wakapika kwa ajili ya kijiji kizima, siku tano kwa wiki, mwaka mzima. Mke wa mzee, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa kwenye zamu ya viazi. Gunia zima kila asubuhi, wanawake wanne na visu vyao. Mzee anasema kabla ya mgomo mkewe hakuwahi kusimama mbele ya watu hata kusoma tangazo la kanisani. Kufika Septemba alikuwa anapanda basi kwenda miji mingine kuhutubia mikutano ya kuchangisha hela, na yeye mume amebaki na watoto, anajifunza kupika uji. Ananiambia hilo kwa fahari, lakini anakiri kwamba si kila mume alilipokea hivyo. Zipo ndoa zilizoimarika mwaka ule, na zipo zilizoshindwa. Deni la nyumba likirundikana miezi kumi, maneno ndani ya nyumba yanageuka.

Misaada ilitoka mbali. Vyama vya wafanyakazi vya Ufaransa vilileta malori ya midoli kwa watoto Krismasi ya 1984. Jumuiya za Wahindi na watu weusi wa mijini zilichanga chakula na fedha. Wazee wa hapa hawajalisahau hilo. Mimi nilipoanza kazi kuna bibi mmoja aliniambia kabla hata sijavua koti, "Watu wa rangi yako walitulisha." Sikujua anazungumzia nini.

Mwanambeya:

Dada, samahani nikukatishe. Swali moja: je, walipiga kura? Nimewahi kusikia kwamba mgomo ule haukupigiwa kura.

Binti wa Ruvuma:

Umegusa penyewe, na hapo ndipo mpasuko wa kwanza ulipoanzia. Kura ya taifa zima haikupigwa. Kila mkoa wa NUM ulijiunga kwa utaratibu wake, na wagomaji wa Yorkshire wakaanza kusafiri kwa magari kwenda kuwashawishi wenzao wa mikoa mingine wasiingie kazini.

Jirani yetu wa kusini ni Nottinghamshire. Huko migodi ilikuwa ya kisasa zaidi, makaa yamekaa kwa tabaka nene, na tangu mpango wa bonasi kwa uzalishaji wa mwaka 1977 mchimbaji wa kule alikuwa akipata vizuri. Waliambiwa migodi yao iko salama. Wakapiga kura yao ya mkoa, na karibu asilimia 73 wakakataa kugoma. Hawakuelewa kwa nini wafuate mgomo ambao hawakuulizwa. Wa Yorkshire nao walisema: mtu hawezi kupiga kura ili mwenzake apoteze kazi. Sentensi hiyo nimeisikia kwa wazee watano tofauti, neno kwa neno.

Kuna historia nyuma yake pia. Katika mgomo mkubwa wa 1926, Nottinghamshire ndiko chama kilikomeguka, chini ya George Spencer. Kwa hiyo mwaka 1984 wazee walikuwa bado wanakumbuka babu wa nani alifanya nini.

Tarehe 15 Machi, siku ya nne ya mgomo wa kitaifa, kijana wa miaka 24 kutoka Yorkshire, David Jones, alifariki baada ya vurugu nje ya mgodi wa Ollerton, Nottinghamshire. Baada ya hapo polisi walimwagwa kutoka nchi nzima, barabara zikafungwa, mtu akirudishwa akiwa maili nyingi kutoka mgodini. Hata wachimbaji wa Kent, kule kusini kabisa, walizuiwa kwenye handaki la Dartford wasivuke kuja kaskazini. Mwisho wa yote waliokamatwa walizidi 11,000. Juni 18, pale Orgreave karibu na Sheffield, polisi wa farasi waliwavamia wagomaji. Watu 95 wakashtakiwa, kesi ikaporomoka mahakamani, na mwaka 1991 polisi wakalipa fidia ya pauni 425,000 kwa watu 39. Uchunguzi wa serikali juu ya siku ile ulitangazwa Julai 2025. Miaka 41, wakuu. Kuna wazee wangu wawili walikuwepo pale ambao hawakusubiri.

Lakini polisi mwaka ule walikuja na wakaondoka. Majirani walibaki.

Kilindini:

Dada hongera kwa uzi. Nami niseme la moyoni, maana nimefanya kazi bandarini miaka 27 na nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Aliyerudi kazini mgomo haujaisha ni msaliti. Sitafuni maneno. Mgomo ni kama kamba ya kuvuta jahazi pwani: mnavuta wote kwa pamoja, mmoja akiachia, uzito wake unaangukia mikono ya wenzake. Na huyo mzee wako, naona unakoelekea, atakuwa alirudi. Kaka yake ana haki.

Binti wa Ruvuma:

Kaka Kilindini, umeona mbali. Alirudi. Naomba nisimulie kwanza, halafu uniambie tena.

Kuanzia Novemba Bodi ilianza kutumia Krismasi kama chambo. Anayerudi kabla ya tarehe fulani atapata bonasi, ataweza kununua nyama na zawadi. Kila Jumatatu wakawa wanatangaza kwenye habari wangapi wamerudi. Wakati huo huo baridi imeingia, na ile makaa ya bure ya mgodini imekatika tangu Machi. Fikirini hilo: watu wamekalia makaa, nyumba zao zimeganda. Wakawa wanakwenda kwenye vilima vya taka za mgodi na tuta za reli ya zamani, wanafukua kwa koleo na ndoo. Novemba ile, kijiji cha Goldthorpe, si mbali na hapa, ndugu wawili wa miaka 14 na 15 walifukiwa na udongo wakitafuta makaa. Walikufa wote wawili. Ukitaja Goldthorpe kwa wazee hawa, mazungumzo husimama.

Na tarehe 30 Novemba, kule Wales ya Kusini, wagomaji wawili waliangusha tofali zito la zege kutoka daraja la juu, likampiga dereva wa teksi aliyekuwa akimpeleka mfanyakazi mgodini Merthyr Vale. Dereva alikufa. Yeye hakuwa mchimbaji wala mgomaji, alikuwa mtu na teksi yake. Nimeandika habari hii kwa sababu baadhi ya wanaousifu mgomo huiruka, na mimi sitaki kuiruka.

Sasa mzee. Mtoto wao wa tatu alizaliwa Oktoba, katikati ya mgomo. Januari 1985 akalazwa kwa kifua. Siku ya kumtoa, daktari akasema nyumba lazima iwe na joto. Wakati huo walikuwa wameshachoma rafu za stoo na viatu vya zamani vya mgodini. Ngozi ya kiatu inawaka taratibu, anasema, lakini nyumba nzima inanuka. Kilichobaki nje ni banda la njiwa. Hawa watu walifuga njiwa wa mashindano, ni mchezo wa heshima kwa wachimbaji. Banda lile alilijenga yeye na kaka yake pamoja na baba yao. Njiwa wakagawiwa watu, banda likavunjwa, mbao zikaingia jikoni. Kaka alipita akaona msingi mtupu. Hakusema kitu. Kesho yake alileta ndoo ya makaa aliyofukua mwenyewe, akaiweka mlangoni, akaondoka.

Hiyo ndoo ndiyo mzee hawezi kuisimulia bila kunyamaza kwanza.

Mbao ziliisha kwa siku tisa. Jumatatu tarehe 4 Februari 1985, saa kumi na moja alfajiri, alisimama gizani mwisho wa barabara akapanda basi. Mabasi ya kuwapeleka waliorudi yaliwekwa wavu wa chuma madirishani, polisi mbele na nyuma. Ndani watu wameinama, kofia hadi puani. Basi lilipofika getini, kaka yake alikuwa kwenye mstari wa wagomaji, kama alivyokuwa kila siku. Wengine walipiga kelele zile zile za kila siku, lile neno moja: "scab". Maana yake ni kigaga, kile cha kidonda. Kaka hakupiga kelele. Aliliona basi, alimwona mdogo wake, akageuka kutazama ukuta mpaka basi likapita.

"Angenitukana," mzee anasema, "ningeweza kumjibu."

Jumapili tarehe 3 Machi wajumbe wa NUM walikutana London wakapiga kura: 98 kwa 91, kurudi kazini bila makubaliano yoyote. Jumanne tarehe 5 Machi vijiji vilirudi vikiwa vimeshika bendera, bendi zinapiga tarumbeta. Hesabuni wenyewe: kutoka tarehe 4 Februari hadi tarehe 5 Machi ni siku 29. Mzee aligoma wiki 48 kamili. Hizo hakuna aliyezihesabu.

Mama Nuru:

Nimesoma nikiwa kazini, machozi yananitoka. Mimi ni muuguzi, Kenya. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mgomo mrefu sana. Katika hospitali niliyokuwa, siitaji, mimi nilikuwa wadi ya watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati. Nilibaki siku tatu, nikawahamisha wale watoto wote, ndipo nikatoka kugoma na wenzangu hadi mwisho. Siku tatu. Walinitoa kwenye chama chetu cha akiba. Mama yangu alipofariki mwaka uliofuata, katika wauguzi ishirini na wanne wa zamu zetu alikuja mmoja, akakaa nyuma. Kwetu kutozikiana ni kumwambia mtu hayupo duniani. Sijawalaumu, kwa sababu najua waliumia na mishahara yao ilikatwa. Ila Kaka Kilindini, ukisema msaliti, sema ukijua kuna siku tatu na kuna mwaka mzima, na zote zinaitwa jina moja.

Kilindini:

Mama Nuru pole sana. Nimekusoma mara mbili. Yako si usaliti, hao watoto wasingejihamisha wenyewe. Ya mzee bado inanitatiza, kwa sababu kila aliyepanda basi lile alihesabiwa Jumatatu kwenye taarifa ya habari na kuwavunja moyo waliobaki. Lakini ile ndoo ya makaa imeniingia.

Binti wa Ruvuma:

Na mimi nakubali sehemu ya maneno yako. Mzee mwenyewe anakubali. Hajawahi kuniambia alifanya sawa. Anasema, "Nilikuwa na mtoto," halafu anaongeza, "na kaka yangu alikuwa nao wanne."

Niliyoyaona kwenye nyumba hizi ni kwamba chuki ilikuwa kubwa zaidi kwa waliorudi mwishoni kwenye kijiji kilichogoma chote kuliko kwa wale wa mbali ambao hawakugoma kabisa. Mtu wa Nottinghamshire ni mtu wa Nottinghamshire. Huyu wa kwenu ulikula naye viazi vile vya klabu miezi kumi na moja. Na mtu asiyejua kazi ya chini hawezi kuelewa uzito wake. Chini kule, mita mamia kadhaa, dari likilia, yaani likitaka kuporomoka, ni mwenzako anayekusikilizia. Unampa mtu maisha yako kila zamu. Kwa hiyo walipomwita mtu kigaga hawakumaanisha tu kwamba amewaangusha kwenye mgomo. Walimaanisha kwamba hawamwamini tena dari likilia.

Baada ya mgomo ukuta wa nyumba ya mzee ulipakwa lile neno kwa rangi nyeupe. Aliufuta, likarudi. Mkewe, yule yule wa zamu ya viazi, aliyehutubia mikutano, akawa akiingia dukani wenzake wanakatisha mazungumzo. Hakuulizwa kama alikubali mumewe arudi. Hakukubali; mzee aliondoka nyumbani alfajiri ile mkewe akiwa amemgeuzia mgongo kitandani. Lakini hilo watu hawakulijua, na yeye hakulisema nje, kwa sababu kulisema ni kumwacha mume peke yake. Alibeba jina ambalo hakulichuma, miaka yote hadi kufa.

Mtoto wa kwanza, yule wa miaka 9, alicheza mpira peke yake ukutani mwaka mzima. Alipofikisha miaka 18 alihamia kusini, na sasa ana familia yake huko. Huwa anapiga simu, ila hajawahi kulala kijijini hapa hata usiku mmoja.

Na mama yao, mama wa hawa ndugu wawili, alikuwa anapika chakula cha Jumapili mara mbili. Saa sita mchana anakula kaka na watoto wake. Saa tisa anakula mdogo na wa kwake. Sahani zinaoshwa katikati. Alifanya hivyo bila kukosa mpaka alipofariki.

Fundi Bomba:

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Hawa wamelimiwa miaka 40, hakuna aliyevuna. Dada, migodi yenyewe iliishia wapi? Wale wa Nottinghamshire walioahidiwa usalama, walisalimika?

Binti wa Ruvuma:

Hawakusalimika, na hili ndilo linaniuma kuliko yote.

Mwaka 1985 Nottinghamshire walijitenga wakaunda chama chao, UDM. Serikali iliwasifu sana. Cortonwood ilifungwa mwaka ule ule wa 1985. Maerdy, mgodi wa Rhondda kule Wales ambako hakuna hata mtu mmoja aliyevunja mgomo, ulifungwa Desemba 1990. Oktoba 1992 serikali ikatangaza kufunga migodi 31 kwa mkupuo, na kadhaa ilikuwa ya Nottinghamshire, ya watu wale wale waliofanya kazi mwaka wote wa mgomo. Roy Lynk, kiongozi wa UDM, alishuka chini ya mgodi wa Silverhill akagoma kutoka. Ollerton ukafungwa 1994. Thoresby, wa mwisho Nottinghamshire, Julai 2015. Na tarehe 18 Desemba 2015 ukafungwa Kellingley, hapa Yorkshire, mgodi wa mwisho wa chini kwa chini katika nchi nzima.

Pale Cortonwood ilipoanzia sasa ni maduka makubwa na maegesho. Huwa nanunua sabuni pale.

Waliogoma na wasiogoma wote wanangoja daktari yule yule wa kifua. Lakini kwenye chumba cha kungojea, nimeshuhudia kwa macho yangu, mtu wa miaka 80 anasimama mwaka huu wa leo kuliko kuketi karibu na fulani. Julai 2004, kijiji cha Annesley Woodhouse huko Nottinghamshire, mchimbaji wa zamani aliyegoma aliuawa na jirani aliyekuwa amerudi kazini. Muuaji alikuwa mgonjwa wa akili na mahakama ililikubali hilo, kwa hiyo sisemi mgomo ndio uliomuua. Ila ugomvi wao wa zamani wa mwaka ule ulikuwa unajulikana na kila mtu mtaani, miaka 20 baadaye.

Uskoti mwaka 2022 ilipitisha sheria ya kuwasamehe wagomaji waliohukumiwa kwa makosa ya wakati ule. Ni jambo jema, wachimbaji karibu 1,000 walifukuzwa kazi Uingereza nzima na wengi wao hawakuajiriwa tena. Lakini hiyo ni serikali kuwasamehe raia. Ya ndugu na ndugu haina sheria.

Mama Nuru:

Dada, na hawa wawili baada ya mgomo walifanya kazi mgodi mmoja? Ilikuwaje chini kule?

Binti wa Ruvuma:

Walifanya kazi mgodi mmoja miaka sita, hadi ulipofungwa. Lifti moja, zamu moja mara nyingi. Hawakusemezana. Lakini mzee aliniambia kwamba kaka yake, ambaye alikuwa na sikio la dari kuliko mtu yeyote pale, akisikia mahali mdogo wake anapofanya kazi panalia, alikuwa anagonga bomba kwa nyundo mara tatu. Mzee anaacha anachofanya, anasogea. Hakumtazama wala hakumshukuru. Ilitokea mara nne katika miaka ile sita. Amezihesabu.

Mwanambeya:

Na kaka mtu? Umewahi kuonana naye? Naomba usituache hapa dada.

Binti wa Ruvuma:

Mara moja, Januari iliyopita.

Nilifika saa moja kama kawaida. Mapazia yamefungwa. Nikamwambia mzee, akasema subiri. Tukaoga, tukanywa dawa, nikachungulia saa moja na nusu, bado. Saa mbili kasoro robo bado. Muda wangu wa nyumba ile ulikuwa umeisha, nilitakiwa kwa bibi mwingine. Mzee alishika mkono wa sweta langu. Kwa mwaka mzima alikuwa hajawahi kunishika. Akasema, "Vuka, ukagonge."

Nilivuka. Nikagonga mlango wa kijani, kimya, nikagonga tena. Ikachukua muda, ndipo ukafunguliwa kidogo. Mzee mrefu, amejifunga blanketi, macho mekundu, homa inaonekana hata kabla hajakohoa. Uso ule ule wa kule ng'ambo, ila mrefu zaidi. Akanitazama, akaitazama sare yangu, akauliza, "Nani amekutuma?"

Nikaonyesha kwa kichwa dirisha la ng'ambo. Hakugeuka kulitazama. Alishika ukingo wa mlango muda mrefu, baridi inaingia ndani kwake, mimi nikawaza hapa ananifungia usoni. Kisha akaniambia, "Mwambie ni mafua."

Nikamuuliza kama ana dawa, akasema anazo. Nikamuuliza kama nimwambie neno jingine. Akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Nilirudi nikamwambia mzee, "Ni mafua." Akasema, "Haya." Nilipokuwa navaa koti kuondoka, mapazia ya ng'ambo yakafunguliwa, upande mmoja, kisha wa pili.